Minazi Mitatu ya Mghange

Msomaji wangu, ukitaka kumjua babu yako waweza kumuuliza baba yako. Ukitaka kumjua babu wa babu yako huna wa kumuuliza, maana waliomwona wote wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Hapo husalia vitu viwili tu, maneno yaliyopokewa na karatasi. Na karatasi, duniani kote, haziandikwi kwa kumpenda mtu. Huandikwa penye mali. Mtu aweza kuishi miaka 70 asitajwe popote, ila siku ya kufa kwake, akiwa ameacha shamba au nyumba au hata mbuzi watatu, ndipo karani huchovya kalamu akauliza: Marehemu ameacha nani?

Swali hilo la karani ndilo lililonipandisha milima ya Taita, nikatoka Jomvu kwenye joto na chumvi nikafika Mghange, mahali ambapo saa nne za asubuhi ukungu bado umelala juu ya mahindi na mtu wa pwani kama mimi hutafuta koti.

Wamarekani wameifanya kazi hii ya kufukua nasaba kuwa kama ibada. Mtu aliyetoka Uingereza katika karne ya 17 akashuka Virginia, wazao wake leo humtafuta katika hati za ardhi na madaftari ya mirathi, na aghalabu humpata. Katika Virginia ya zama hizo, aliyemlipia mwingine nauli ya kuvuka bahari alipewa ekari 50 kwa kila kichwa, na majina ya waliovushwa yakaandikwa katika hati ya ardhi ya aliyewavusha. Kwa hiyo wako watu leo wanaomjua babu yao wa kwanza kwa sababu moja tu, kwamba alihesabiwa kuwa ekari 50 za mtu mwingine.

Ndugu zetu weusi wa huko wana kazi nzito zaidi. Sensa ya 1870 ndiyo ya kwanza kuwaandika kwa majina wale wengi waliotoka utumwani. Anayetaka kuruka nyuma ya mwaka huo hana budi aingie katika mirathi ya bwana, afungue orodha ya mali ya marehemu, na humo, kati ya vitanda na ng'ombe na masufuria, amkute bibi yake: jina moja, hana baba, na mbele yake bei. Alex Haley alipotoa kitabu chake cha Roots mwaka 1976 maelfu waliingia katika kazi hiyo. Baadaye wataalamu walizitilia shaka baadhi ya nasaba alizozieleza, lakini mlango ulikuwa umekwisha kufunguka, na watu hawakurudi nyuma.

Nasema haya kwa sababu huku kwetu wengi hudhani kwamba sisi hatuna karatasi, kwamba sisi ni watu wa masimulizi tu. Si kweli. Pwani hii imeandika tangu kale, na iliandika kwa sababu ile ile ya Virginia: kulikuwa na mali ya kugawanya. Wazungu walipoleta sheria ya hati za ardhi mwaka 1908, kila mwenye shamba katika ukanda wa pwani alitakiwa aende kudai chake na kueleza amelipataje, kutoka kwa baba gani, kwa hati gani. Ardhi isiyodaiwa ikawa ya Serikali. Watu walitoa masandukuni hati za miaka mingi. Waliokuwa hawana hati walileta mashahidi, na maneno ya mashahidi yakaandikwa. Ukienda leo kutafuta, utakuta katika madai hayo nasaba ambazo wenyewe wamezisahau.

SANDUKU LA JOMVU

Nyumbani kwetu kulikuwa na sanduku la mvule lenye njumu za shaba, na ndani yake kitambaa cheupe kilichofunga karatasi nne. Tatu ni za shamba. Ya nne ni wasia wa mama yake babu yangu, ambao mimi ni kitukuu chake. Umeandikwa kwa Kiswahili katika herufi za Kiarabu, mwezi wa Rajab mwaka 1343, yaani mapema mwaka 1925. Khati yake ni nzuri, ya mtu aliyezoea kuandika, ila wino umekuwa rangi ya chai.

Mimi nilisoma chuoni. Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa irabu kuliko kwa kitu chochote, na kiboko chake kilijua tofauti ya fataha na kasira kuliko sisi. Sikujua wakati ule kwamba kasira moja ingekuja kunipa wajomba.

Katika wasia ule bibi anajitaja kuwa "binti Abdallah." Wasomaji wa pwani watafahamu. Abdallah maana yake ni mja wa Mwenyezi Mungu, na mtu aliyekuja kutoka bara akasilimu, ambaye baba yake hakuwa Mwislamu au hakujulikana, aghalabu alipewa Abdallah kuwa baba. Ni adabu, lakini pia ni ukuta. Ukifika kwenye "binti Abdallah" katika hati za pwani umefika mwisho wa njia, maana mabinti Abdallah ni wengi kuliko nyota. Hali Qurani yenyewe, katika Sura ya al-Ahzab, imeagiza watu waitwe kwa baba zao, na huo ni uadilifu zaidi.

Bibi alikuwa na minazi 14. Msomaji wa bara asistaajabu kusikia minazi ikihesabiwa bila shamba. Kwetu mnazi waweza kuwa wako nao umesimama katika ardhi ya mwingine. Anasema aliipata kwa mahari yake na kwa thumuni aliyorithi kwa mumewe. Kisha anausia minazi mitatu apewe nduguye, yeye na wazao wake baada yake.

Kwa nini amuusie ndugu? Kwa sababu sheria ya mirathi ya Kiislamu hairithishi baina ya Mwislamu na asiyekuwa Mwislamu. Nduguye, ambaye alibaki katika dini ya wazee wake, asingepata hata kuti moja. Lakini sheria hiyo hiyo imemwachia mtu thuluthi ya mali yake aiusie atakako, kwa yule asiyekuwa mrithi. Thuluthi ya minazi 14 ni minne na kitu. Akatoa mitatu. Iliyobaki 11 ikagawanywa kwa mwanawe mmoja na binti zake wawili, mwana mafungu mawili na kila binti fungu moja, na kwa kuwa nusu ya mnazi haishiki mtu, babu yangu alichukua mitano na kila dada akapata mitatu.

Alhasili, ili nduguye apate, ilimlazimu amtaje kwa jina, na amtaje kwa jina la baba yake, na aseme anapatikana wapi. Karani asingekubali pungufu ya hayo. Na hapo, msomaji wangu, mwanamke aliyekuwa binti Abdallah kwa jina lake mwenyewe alimtaja baba yake kwa jina la nduguye. Miaka 80 karatasi ile ilikaa katika kitambaa na hakuna aliyeliona hilo.

Hawakuliona kwa sababu ya neno moja. Watu wa nyumba yetu walilisoma hivi: "ndugu yangu fulani bin fulani, mganga." Basi ikashika kwamba bibi alikuwa na kaka mganga huko bara, na hadithi zikanenepa, mara alikuwa na kibuyu kinachosema, mara aliweza kuzuia mvua. Shangazi zangu walitutisha kwa mganga yule tulipokataa kulala.

Lakini herufi za Kiarabu, jinsi wazee wetu walivyoziandikia Kiswahili, zilikuwa na upungufu wake. Ghaini moja ilibeba mizigo minne: gh, g, ng na ng'. Mganga na Mghange, ukiondoa irabu, huandikwa karibu sawa. Nilipoishika karatasi ile kwenye mwanga wa dirisha nikaona chini ya ghaini ya mwisho kuna mkwaruzo mdogo. Ni kasira. Mganga haina kasira mwishoni. Na kabla ya neno lile kulikuwa na herufi moja iliyoliwa na mkunjo wa karatasi, nayo ni wau: "wa." Ndugu yangu wa Mghange.

NJAA YA MWAKISENGE

Mghange ziko mbili, Mghange Dawida na Mghange Nyika, zote katika milima ya Taita, juu ya Wundanyi. Wenyeji waliijua pwani na pwani iliwajua kabla ya reli na kabla ya Mzungu. Misafara ya biashara ilipita miguuni pa milima ile. Johannes Rebmann alipopita Taita mwaka 1848 akielekea Kilimanjaro, alifuata njia ambazo waongozi wake walizijua tayari.

Mwaka 1884 ikaja njaa, ile inayoitwa Mwakisenge, ikapiga Taita na ikapiga nchi ya Wamijikenda. Joseph Wray wa misheni ya CMS alikuwa ameingia Sagalla mwaka mmoja tu kabla yake. Watu walishuka kutoka milimani wakitafuta chakula, wengine wakifika Rabai na wengine wasifike popote, maana kati ya Taita na pwani kuna nyika ya Taru, na Taru haina maji. Ndipo ikawa baba huweka mtoto rehani kwa mtu mwenye nafaka, kwa ahadi kwamba mwaka wa mavuno atarudi na mbuzi amkomboe.

Nitasema jambo ambalo baadhi ya jamaa zangu wa pwani hawatalipenda. Sheria yetu haikubali mtu huru awekwe rehani kama bangili. Wenye nafaka wa pwani waliijua sheria hiyo. Lakini njaa ni soko, na waliopindisha sheria walikuwa wengi kuliko walioinyosha. Baadhi ya watoto walikombolewa. Wengine mwenye nafaka aliwapeleka kwingine, na baba aliporudi na mbuzi wake akaambiwa mtoto amekufa kwa ndui. Kuanzia rehani mpaka utumwa palikuwa hatua moja, na wakati mwingine hata hiyo moja haikuwapo. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907.

Nyumbani kwetu ilisemwa kwamba bibi aliletwa mdogo, wakati wa njaa, na kwamba watu wake hawakuja tena kumuuliza. Hayo ndiyo tuliyokua nayo. Aliolewa na mtu wa Jomvu, akazaa watatu, akafa na minazi 14. Lakini je, watu wake hawakuja?

KUPANDA MILIMA

Siku hizi safari ya Taru ni mchezo. Unapanda garimoshi la Madaraka, lililoanza mwaka 2017, na kabla hujamaliza chai na mahamri uliyofungiwa nyumbani umefika Voi. Pale Voi unachukua matatu hadi Mwatate, ukipita mashamba ya katani, kisha unaanza kupanda. Njia inajizungusha kama kilemba. Kila kona hewa inapoa na mashamba yanakuwa madogo, yamekatwa ngazi ngazi ubavuni mwa mlima, mahindi na maharagwe na migomba. Mtu akiuliza kwa nini watu wamebanana hivi juu wakati tambarare yote iko tupu chini, ajue kwamba tambarare ile si tupu. Sehemu kubwa ya kaunti ni mbuga ya Tsavo, iliyotengwa mwaka 1948, na nyingine ni mashamba makubwa. Tume ya Ardhi iliyokaa 1932 mpaka 1934 iliyasikia malalamiko ya Wataita, na ushahidi wake ukachapwa katika mabuku makubwa, nayo ni hazina nyingine kwa mtafuta nasaba.

Nilikuwa nimemwandikia mwalimu mmoja mstaafu wa Mghange, ambaye rafiki wa Wundanyi alinijulisha naye. Nilimpa majina mawili ya kwenye wasia, la ndugu na la baba. Baada ya wiki tatu alinipigia simu. Akasema, "Bwana mwandishi, njoo. Lakini ujue utawakuta watu wana kikao, na kikao chenyewe si cha harusi."

Kilikuwa kikao cha mirathi. Majina ya wenyewe nimeyaacha, kwa kuwa waliniomba hivyo na jambo lao lingali halijakwisha.

Mkubwa wa kikao ni mzee wa miaka 87, macho yake yameingia mtoto wa jicho lakini sauti yake haina kutu. Nilimsomea wasia. Nilipofika kwenye jina la ndugu aliinua mkono nikanyamaza. Akahesabu kwa vidole: baba yake, baba wa baba yake, na wa juu yake. La pili na la tatu yalikuwa majina ya kwenye karatasi, kwa mpangilio ule ule. Akanikazia macho yake asiyoona nayo vizuri akasema, "Basi wewe ni mpwa wetu. Mmekawia."

Nikamwita mjomba tangu saa ile, na mwalimu naye nikamwita mjomba, kwa kuwa alidai ameingia katika ukoo kwa upande wa mkewe.

Kisha nikauliza lililonipandisha. Mjomba alijibu bila haraka. Kwao imepokewa kwamba mvua iliporudi baba yule alishuka na mbuzi watano, akafika pwani na watatu, akaambiwa mtoto amehamishwa na hajulikani aliko. Akarudi na mbuzi wake. Mwaka wa pili alishuka tena, hakurudi na kitu, na baada ya hapo hakula na watu kwa muda mrefu. Nilimwambia yasemwayo kwetu, kwamba hawakuja. Akanyamaza, kisha akasema, "Aliyesema hivyo alikuwa amekaa na nani?" Karatasi yangu haina jibu. Lakini nilijiuliza jambo jingine: mwanamke ambaye alidhani ametupwa angemkumbuka kaka yake kwa minazi mitatu baada ya miaka 40? Na angejua bado yu hai, na bado yuko Mghange? Kulikuwa na habari zilizokuwa zikipita kati ya Jomvu na mlima ule, kwa njia ambayo sisi hatukuambiwa.

Mzee mmoja mwanamke, mke wa mjomba, aliingia jikoni akarudi na kata ya kifuu, imekuwa nyeusi kwa moshi, mpini umebadilishwa. Minazi haioti Mghange. Alisema aliikuta alipoolewa, na mama mkwe alimwambia kwamba zamani, baada ya kuja reli, kijana wa pwani alikuwa akija kila mwaka na gunia la nazi, analichukua kwa gari mpaka Voi na kulipandisha kwa punda, mpaka vita vya Hitler vilipoanza akakoma. Kijana huyo hawezi kuwa mwingine ila babu yangu. Hakutuambia hata siku moja. Alikuwa mtu wa maneno machache na aliyapeleka mengi kaburini.

Mjomba alinionyesha kwa fimbo, mbali, jabali lenye pango upande wa kaskazini. Zamani Wataita waliwazika wazee wao, na baadaye wakalifukua fuvu la mzee na kuliweka katika pango la ukoo pamoja na waliomtangulia, na watu wakienda pale kuomba na kushitaki shida zao. Desturi hiyo ilikoma wakati misheni na serikali ya kikoloni zilipopata nguvu. Mjomba anaamini baba wa bibi yetu yumo. Hakunipeleka, nami sikuomba. Mimi ni mtu wa dini yangu, lakini najua masijala nikiiona: pale palikuwa na orodha ya waliolima mlima ule, na hakuna karani aliyeweza kuifuta.

MAJINA MATANO

Sasa nieleze kile kikao. Mashamba ya huku yalipopimwa, kwa sheria ya 1968, mzee wa kamati na mpimaji walipita mpaka kwa mpaka wakiuliza ni la nani. Shamba lao liliandikwa kwa jina la kaka mkubwa wa mjomba, kwa niaba ya wote, kama ilivyofanyika mahali pengi. Daftari la ardhi lina sehemu tatu: shamba lenyewe, mwenyewe, na mizigo iliyo juu yake. Katika sehemu ya mwenyewe kuna mstari mmoja, jina moja, tangu miaka ya 70. Jina hilo limekwisha kufa. Mjomba ana kipande chake na hana wasiwasi nacho. Mahakama ya Juu, mwaka 2018, ilikubali kwamba aliyeandikishwa anaweza kuwa amelishika shamba kwa amana ya jamaa. Shida ilikuwa kwa watoto wa marehemu.

Kwa Sheria ya Mirathi ya Kenya, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, hatua ya mwanzo katika kesi nyingi ni barua ya chifu inayotaja warithi. Kisha maombi mahakamani, tangazo katika Gazeti Rasmi, na siku 30 za kupinga. Mtafuta nasaba wa miaka 100 ijayo ataishukuru barua ya chifu kama mimi ninavyomshukuru karani wa mwaka 1343. Ila barua husema yale tu iliyoambiwa. Rasimu yao ilikuwa mezani, chini ya bilauri ili upepo usiichukue, na ina majina matano, yote ya kiume. Marehemu aliacha watoto sita.

Wa sita alikuwa amekaa kando, karibu na mlango. Aliolewa Taveta, ndoa ikavunjika, akarudi na wanawe wawili. Analima robo ekari chini ya nyumba ya mama yake. Kaka zake si watu wabaya, msomaji wangu. Mkubwa wao alinichinjia kuku. Hoja yao ni kwamba binti ni wa alikoolewa, na kwamba shamba likikatwa sita halitabaki shamba. Sheria haikubaliani nao. Inawahesabu watoto sawa, Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema hivyo mwaka 2005 katika kesi ya Rono, na Katiba ya 2010 imeligonga msumari. Lakini sheria hukaa Voi na barua huandikwa kijijini.

Sikwenda Mghange kuamua mirathi ya watu, na nilikaa kimya kama mgeni. Ni yeye aliyeniuliza. Alisema, "Kaka, lile la minazi lisome tena." Nikamsomea: mitano ya babu yangu, mitatu ya dada mmoja, mitatu ya dada wa pili, mitatu ya ndugu wa Mghange. Akauliza, "Huyo bibi, aliyewekwa rehani, alikuwa na mali ya kurithisha?" Nikamwambia ndiyo. "Na binti zake wameandikwa?" Nikamwambia wameandikwa, kwa majina yao. Hakuuliza tena.

Nimelifikiri jambo hilo njia nzima ya kurudi. Mimi ninajua kwamba mizani yetu haimpi binti sawa na kaka yake, na wako watakaonikumbusha. Lakini inamwandika. Hakuna mirathi ya kwa kadhi itakayofungwa bila kutaja mke, mama na binti, kwa kuwa kila mmoja ana fungu lake na mafungu lazima yatimie. Ndiyo maana nasaba ya pwani hupatikana kwa wanawake, na ya mlimani, katika daftari la ardhi, ni mstari wa wanaume tu. Kule Virginia bibi wa watu alipatikana akiwa mali iliyoorodheshwa. Bibi yetu, aliyeteremshwa kwa bei ya nafaka, yeye ndiye mwenye kuorodhesha.

Nimebakiwa na deni. Mjomba aliniuliza kwa mzaha, na mzaha wa mzee wa miaka 87 una mifupa ndani yake: "Na ile minazi?" Haipo. Shamba liliuzwa zamani na mahali pake leo pana uwanja wa makontena. Wasia ulisema yeye na wazao wake, na gunia la mwisho lilipanda mlima mwaka 1939. Tumekaa Jomvu jamaa wote mara mbili kulizungumza. Wako wanaosema ni jambo la kale na waliousiwa wameshakufa. Nilimwendea sheikh mmoja nikamweleza, akanijibu kwa swali: "Aliyeusia alikwambia ukome lini?" Tumekwisha kupiga hesabu ya bei ya minazi mitatu siku ya kuuzwa shamba, na fungu la kila nyumba limejulikana, wawili hawajatoa.

Kabla sijaondoka Mghange mjomba alimwuliza mpwa wake jina lake kamili kama lilivyo katika kitambulisho. Akaomba kalamu yangu. Aliandika mwenyewe, mkono unatetema, chini ya yale matano, na herufi zake zikawa kubwa kuliko za waliomtangulia. Kaka mkubwa alitoka nje akasimama uani, akarudi baada ya muda akaketi, asiseme neno. Barua ilipelekwa kwa chifu Jumatatu. Tangazo katika Gazeti Rasmi lilikuwa bado halijatoka nilipokuwa nikiandika makala haya, na likitoka ndipo zile siku 30 zitakapoanza kuhesabiwa.